Siwatu na Jiwe Lililonguruma

Paukwa!

Pakawa!

Hapana, hiyo ni sauti ya watu wenye usingizi. Watoto mbele, wakubwa nyuma, wote kwa pamoja. Paukwa!

Pakawa!

Haya sasa. Sogeeni mgusane mabega, maana hadithi ya leo ina baridi. Na humo ndani kuna mahali nitauliza, "Nani akae?" Nikiuliza, nijibuni, "Si mimi!" Tujaribu. Nani akae?

Si mimi!

Vizuri. Lishikeni neno hilo, litawafaa.

Zamani, zamani hasa, wakati wanyama wanasema na sisi bado hatujajua kusema, palikuwa na kisiwa katikati ya ziwa. Kisiwa hicho kilikuwa cha ukungu. Asubuhi ukungu, adhuhuri ukungu, jioni ukungu. Jua likija, linachungulia tu, kisha linaondoka.

Katikati ya kisiwa palikuwa na jiwe. Jiwe pana, jeusi, limebonyea juu kama mahali palipokaliwa sana. Na ajabu yake ni hii: kila kitu kisiwani kilikuwa baridi, lakini jiwe lile lilikuwa na joto. Ukiligusa, ni kama umegusa tumbo la mnyama aliyelala.

Aliyekaa juu ya jiwe hilo ndiye mfalme. Na waliokaa ni simba. Babu alikaa, akafa. Baba akakaa, akafa. Mwana akakaa. Neno la mwenye jiwe lilikuwa sheria, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Mfalme wa wakati huo aliitwa Makeke. Simba mkubwa, manyoya ya shingo meusi, yanaburutika chini. Akiamka alfajiri ananguruma. Nguuu-rrrum! Majani yanaanguka, pwa, pwa, pwa. Nguuu-rrrum! Mayai yanapasuka kwenye viota. Wanyama wote wanalala kifudifudi mpaka anyamaze.

Basi, palikuwa na Mama Kanga. Si kanga ya kuvaa, watoto. Kanga ndege, yule wa madoadoa, anayelia kacha-kacha-kacha. Asubuhi moja Mama Kanga alikuwa kando ya njia na vifaranga wake, wanaoga vumbi. Makeke akapita. Wanyama wengine wakanyamaza, tii. Vifaranga hawakunyamaza. Walikuwa wadogo, hawakujua mfalme ni kitu gani. Wakaendelea kucheka na kurushiana vumbi.

Makeke akasimama. Akainamisha kichwa. Ham! Ham! Ham! Akawamaliza wote, wala hakuwa na njaa. Alikuwa ametoka kula.

Mama Kanga akamfuata mpaka kwenye jiwe. Walikuwa wao wawili tu, na ukungu.

"Mfalme," akasema, "wanangu walikosa nini?"

Makeke akajilamba midomo. "Hawakukosa," akasema. "Nilitaka."

Neno hilo Mama Kanga hakumwambia yeyote. Alijua wanyama wangemwuliza, na akijibu atalazimika kulisikia tena kwa mdomo wake mwenyewe. Akalifungia moyoni.

Lakini habari ya vifaranga ilienea. Na wengine nao walikuwa na wafu wao. Wanyama wakakutana bondeni. Akasimama Ngiri. Mnamjua ngiri: uso wa vinundu, pembe mbili mdomoni, akikimbia mkia juu. Huyu alikuwa mchapakazi, mkweli, na mchezo hapendi.

Ngiri akasema, "Mfalme akae, sawa. Lakini asile mtu mpaka baraza letu hili likubali."

"Ndiyo!" wakasema.

"Na asipotaka?"

Nyati akapiga kwato chini, puu. "Asipotaka, mimi ninazo pembe."

Wakaenda kundi zima. Makeke akazitazama zile pembe, akawatazama walivyo wengi. Akashuka kwenye jiwe, akakanyaga udongo mbichi uliokuwa pale chini. Alama ya mguu wake ikabaki. "Hiyo ni ahadi yangu," akasema. Wanyama wakafurahi. Wakacheza ngoma mpaka miguu ikavimba. Udongo ukakauka, na kila aliyepita aliitazama ile alama akatembea kifua mbele.

Mvua ikaja. Udongo ukalainika, alama ikafutika. Siku hiyo hiyo Makeke akamla ndama wa Nyumbu.

"Mfalme, ahadi!" wakalia.

"Iko wapi? Nionyesheni."

"Mvua imeifuta. Lakini wewe ulisema!"

"Nilisema na udongo," akasema Makeke. "Kaulizeni udongo."

Hapo ndipo uvumilivu ulipowaishia. Kulipokucha walimzunguka, ukungu mzito, hata aliye jirani yako unamwona nusu. Makeke hakukimbia. Alishuka mwenyewe kwenye jiwe.

"Ngojeni nijikung'ute umande," akasema. "Nikitetemeka kwa baridi mtadhani ni woga."

Akajikung'uta. Wakamngoja. Kisha akalala chini, akanyoosha shingo. Nyati akainamisha pembe. Kwishi!

Watu wangu, wanyama walikuwa wamejiandaa kushangilia. Ngoma zilikuwa tayari mikononi. Hakuna aliyeshangilia. Umati mzima uliguna mguno mmoja, mmmmmh, kama mtu anayeota jambo baya na kuamka hawezi. Mama Kanga naye aliguna. Alipojisikia, akashangaa.

Makeke alikuwa na binti, Siwatu, simba jike mdogo ambaye meno yalikuwa bado hayajakaa sawa. Alisimama mbali akaona yote. Nyati alipoinua kichwa, Siwatu alikuwa keshaingia kwenye matete ya upande wa pili wa kisiwa. Hakuna aliyemfukuza. Walikuwa wamechoka.

Wakamzika Makeke. Wakalala.

Kesho yake alfajiri: Nguuu-rrrum!

Wanyama wakalala kifudifudi, kwa mazoea. Kisha wakakumbuka. Wakainua vichwa, wakatazamana. Makeke si tumemzika wenyewe? Basi anayenguruma ni nani?

Wakaenda polepole, wamegandana. Jiwe lilikuwa tupu. Lilikuwa linafuka mvuke. Na chini yake, ndani kabisa, sauti ya Makeke ikaanza kuimba. Haikuimba kwa ukali, iliimba kama mtu anayembembeleza mtoto alale:

Nani akae? Nani akae?
Jiwe li tupu, nani akae?

Jibuni!

Si mimi!

Ndivyo walivyojibu wanyama, wanarudi nyuma huku meno yanagongana. Lakini mmoja hakujibu. Ngiri alisimama palepale.

"Msiogope," akasema. "Nitalilinda jiwe hili asikae mtu. Ufalme sitaki. Niiteni Mlinzi."

Na kweli, mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Hakuna aliyeliwa. Maji yaligawanywa, wadogo wakanywa kabla ya wakubwa. Ngiri alisimama kando ya jiwe mchana kutwa, mgongo umenyooka.

Lakini kila alfajiri sauti iliimba. Na Ngiri akaanza kusema, "Ngoma zenu ndizo zinazoiamsha. Acheni ngoma." Wakaacha. Halafu akasema, "Vicheko vyenu vinaiamsha. Acheni kucheka." Wakaacha. Kisiwa kikawa kimya, unasikia ukungu ukidondoka kwenye majani, to, to, to.

Kisha baridi ikazidi, na Ngiri akawa anaegemea jiwe. Kuegemea tu, mgongo unauma. Baadaye akawa anaweka mguu mmoja juu. Siku moja wanyama wakapita wakamkuta amekaa. Waliinamisha macho wakapita haraka.

Baada ya hapo wanyama wakaanza kupungua. Leo Digidigi haonekani. Kesho Pelele haonekani. Dada yake Mama Kanga naye akatoka kwenda kutafuta mbegu asirudi. Yaliokotwa manyoya tu, karibu na jiwe.

Mama Kanga akaenda. Alimkuta Ngiri amekaa kwenye ule ubonyeo, mvuke unampanda pande zote.

"Mlinzi," akasema, "dada yangu alikosa nini?"

Ngiri akafungua mdomo. Ikatoka sauti ambayo haikuwa yake. Nzito, ya kifuani, ya simba.

"Hawakukosa," ikasema. "Nilitaka."

Mama Kanga akahisi manyoya yake yote yanasimama. Neno hilo hakuwa amemwambia mtu yeyote duniani.

Akamtazama Ngiri usoni. Mdomo ulikuwa unatabasamu. Macho yalikuwa yanalia. Machozi yanashuka kwenye vinundu, yanadondoka kwenye jiwe, yanakauka hapo hapo, tss, tss. Na kwa sauti yake mwenyewe, ndogo, ya Ngiri wa zamani, akanong'ona, "Nisaidie, Mama Kanga."

"Shuka! Shuka sasa hivi!"

"Siwezi. Kuna baridi huko chini. Nikishuka nitakufa."

"Hutakufa! Sote tuko huku chini!"

Lakini mdomo ukafunguka tena, nguuu-rrrum, na Mama Kanga akaruka akakimbia, kacha-kacha-kacha, bila kutazama nyuma.

Haukupita muda wakamkuta Ngiri amekufa palepale alipokaa. Mwili wake ulikuwa baridi kama maji ya ziwa. Jiwe lilikuwa moto.

Nani akae? Nani akae?
Jiwe li tupu, nani akae?

Jibuni!

Si mimi!

Ah, ninyi mmejibu. Wao safari hii hawakujibu wote. Fisi aliruka juu kabla wimbo haujaisha, na kabla hajaukunja mkia wake vizuri alikuwa ananguruma. Wakamvuta chini kwa miguu. Nyati akasema atalivunja. Akarudi nyuma, akaja mbio, puu! Pembe ikakatika. Wakajaribu kulichimbua walibiringishe ziwani. Walichimba, walichimba, jiwe likawa linazidi kuwa pana kila walipochimba, na mashimo yakawa yanatoa joto kama pumzi. Wakafukia haraka wakakimbia.

Baraza likakutana. Mkuu wa baraza sasa alikuwa Nyani, mjanja wa maneno. Kila aliyesimama alisema akae fulani, na huyo fulani alikuwa ni ndugu yake.

Mama Kanga akaomba kusema.

"Jiwe haliwezi kuvunjwa, na haliwezi kuachwa tupu, litaita mpaka mtu aruke akae," akasema. "Anayelitaka, litammeza. Basi tumtafute asiyelitaka. Yupo Siwatu."

Kelele! Wengine wakacheka, kicheko cha kwanza tangu zamani, na hakikuwa kizuri.

"Binti wa Makeke?" akauliza Nyani. "Mama Kanga, umesahau? Wanao walikwenda tumboni mwa nani?"

"Mimi ndiye ninayejua kuliko wewe," akasema Mama Kanga. "Na mimi ndiye nitakayekwenda kumwita."

Akaenda. Akapita kwenye matope, akaingia kwenye matete. Humo akamkuta Siwatu. Amekuwa mkubwa, lakini mwembamba, mbavu unaziona. Alikuwa anakula kambare.

Siwatu alipomwona alishtuka, kisha akainamisha kichwa. "Shikamoo, Mama Kanga."

"Marahaba..." Lile neno linalofuata, "mwanangu," Mama Kanga hakulisema.

Wakakaa. Siwatu akasema, "Umekuja kuniua?"

"Nimekuja kukuita ukae."

Masikio ya Siwatu yakalala nyuma. "Kila alfajiri namsikia baba. Ninyi anawaimbia. Mimi ananiita kwa jina. Ananiambia, Siwatu, njoo nikuvae."

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Wengine wakiisikia sauti ile hawaijui. Wewe unaijua."

"Nikikaa nitafanya nini?"

"Utakaa. Amri hutatoa, zitatoka barazani. Hutawinda, tutakuletea samaki. Kila sheria itakayotungwa tutakuletea uisikie, nawe utasema neno moja: 'Nimesikia.' Bila neno hilo, sheria haijawa sheria. Ila neno jingine huna."

"Na nitapata nini?"

"Hutapata kitu. Watakuinamia."

"Nikichoka?"

"Utakaa."

"Nikinguruma?"

Mama Kanga akamtazama machoni. "Nyati amebakiwa na pembe moja. Inatosha."

Siwatu akamweka kambare chini. Maji yalikuwa yanapiga matete, chwa, chwa. Mwishowe akauliza, "Mama Kanga, umenisamehe?"

"Nikusamehe nini? Wewe hukukosa," akasema Mama Kanga. Kisha akaongeza, maana alikuwa mkweli, "Lakini nikikuona mdomo, moyo wangu unaruka. Siwezi kukuficha."

"Nami nikiona wanyama wengi pamoja moyo wangu unaruka," akasema Siwatu. Akasimama, akajikung'uta maji. "Twende. Kuna jambo nimetaka kumjibu baba siku nyingi."

Wakarudi pamoja. Wanyama wakafungua njia. Hakuna aliyeinama, hakuna aliyetema mate. Siwatu akapanda, akakaa kwenye ule ubonyeo.

Alfajiri ikafika. Wanyama wote wamesimama kutazama. Mvuke ukampanda Siwatu miguuni, ukampanda kifuani, ukafika shingoni. Wakaona koo lake linavimba, kitu kinapanda ndani kama panya ndani ya gunia. Taya zikatetemeka. Nyati akainamisha pembe yake. Siwatu akafunga mdomo. Akauma meno, kra, kra. Damu ikatoka puani. Kile kitu kikapanda, kikashuka, kikapanda, kikashuka.

Kisha akafungua mdomo, na kwa sauti ndogo, ya upole, akasema kuliambia jiwe, "Nimesikia."

Na jiwe likanyamaza.

Kimya hicho! Kimya cha alfajiri wanyama hawakuwa wamekisikia tangu wazaliwe. Walikaa chini wakalia.

Ikawa hivyo kila alfajiri. Baraza likawa linatunga sheria, Siwatu anasikia. Ngoma zikarudi. Wanyama wakawa wanatoka mbali kuja kumtazama amekaa, wanawaonyesha watoto wao, "Yule, yule pale!" Wakampenda.

Kisha wakamzoea. Kisha wakaanza kunung'unika. "Anafanya nini huyu? Anakaa tu." "Samaki wetu, na kazi hana." Mwaka wa ukame walimrushia matope, pwaa, kifuani. Siwatu hakuyafuta. Hakuwa na neno la kuwajibu, maana neno alilopewa lilikuwa moja. Siku nyingine moto wa nyasi ulikizunguka kisiwa, kila mtu anakimbilia ziwani, wakamwita ashuke. Akakataa kwa kichwa. Moto ulipopita walimkuta palepale, manyoya yameungua, ngozi ina malengelenge. Wakampenda tena. Hivyo ndivyo walivyo wanyama.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penyewe.

Nyani, mkuu wa baraza, alikaa na ukuu muda mrefu. Utamu ukamwingia. Jiwe hakulitaka, aliyaona yaliyompata Ngiri. Alitaka kitu kingine. Asubuhi moja akawaita wanyama wote mbele ya jiwe. Amekuja na kundi la nyani wenzake, kila mmoja ana gongo.

"Sheria mpya," akasema Nyani. "Baraza halitakutana tena. Nitakayosema mimi ndiyo sheria. Siwatu, sema 'Nimesikia.'"

Wanyama wakaguna. Nyani wakainua magongo. Wanyama wakanyamaza.

Siwatu naye akanyamaza.

"Sema," akasema Nyani.

Kimya.

Na hapo, watoto, jiwe likaanza. Haikuwa alfajiri, lakini likaanza. Mvuke ukatoka mwingi. Sauti ikasikika, na safari hii kila mtu aliisikia ikimwita binti yake kwa jina: Siwatu. Siwatu. Mle. Nguruma umle, nao watakupenda daima.

Mnajua lililotisha kuliko sauti? Wanyama wenyewe. Swala mmoja nyuma kule akasema, "Nguruma, Siwatu." Mwingine akasema, "Mle huyo Nyani!" Mwingine, mwingine. Wale waliomuua baba yake kwa sababu ya ngurumo sasa wote wanapiga miguu chini, puu, puu, puu. "Nguruma! Nguruma! Nguruma!" Na sauti zao zilifanana na ile ya chini ya jiwe, hukuweza kuzitenganisha.

Koo la Siwatu likavimba. Lilivimba kuliko siku zote. Mdomo ukaanza kufunguka wenyewe. Mama Kanga aliyaona yale meno na moyo wake ukaruka. Akayaona na macho. Yalikuwa yanalia, kama ya Ngiri.

Safari hii Mama Kanga hakukimbia. Alikuwa mzee sasa, sauti imekauka. Akatoka mbele ya umati, ndege mdogo peke yake, akageuka. Hakumtazama Siwatu. Alimtazama Nyani.

"Mimi sikubali," akasema.

Nyani akacheka. "Wewe nani?"

"Mama Kanga. Sikubali."

Gongo likainuliwa juu yake. Nyati akasogea. "Mimi Nyati. Sikubali." Nyumbu akasogea. "Sikubali." Yule Swala aliyeanza kelele akaona aibu, akasogea. "Sikubali." Mtoto wa Pelele, mtoto wa Digidigi, hata Fisi. Zile kelele za "nguruma" zikapungua, zikapungua, likabaki neno moja tu, linatoka kila upande wa ukungu: sikubali, sikubali, sikubali.

Nyani wenye magongo wakatazamana. Mmoja akaweka gongo chini. Kisha mwingine. Nyani mkuu akageuka kulia, akageuka kushoto, akaona yuko peke yake. Akakimbia. Walisikia tu maji, chubwi! Alivuka au hakuvuka, hakuna anayejua.

Ndipo wakageuka kumtazama Siwatu.

Alikuwa amekaa palepale, mdomo umefungwa. Damu ilikuwa inatiririka kidevuni, nyingi, inadondoka kwenye jiwe. Alikuwa ameukata ulimi wake kwa meno yake mwenyewe. Ngurumo haikuwa na pa kutokea. Jiwe lilikuwa kimya, na Mama Kanga alipoweka mguu wake juu yake, lilikuwa baridi kama mawe mengine.

"Siwatu, tawala wewe!" wakapiga kelele wanyama, maana furaha huwapotezea wengi akili. "Toa amri! Chochote!"

Siwatu akatikisa kichwa kukataa.

"Basi omba. Unataka nini?"

Hakuweza kusema. Aliinua mguu akaelekeza ziwani.

Hakuwa ameshuka kwenye jiwe lile tangu siku aliyopanda. Wanyama wakaelewa. Jiwe lilikuwa limepoa, lakini nani ajuaye litapoa mpaka lini? Wakalizunguka jiwe duara, migongo kwenye jiwe, nyuso nje, kila mmoja anamwangalia mwenzake asije akakaa. Siwatu akashuka. Miguu ilikuwa imekufa ganzi, akawa anayumba. Akatembea mpaka majini, akaingia. Akanawa damu. Akaogelea. Ukungu ukamfunika.

Wakangoja. Ukungu mtupu. Hata maji hayasikiki.

"Amekwenda," akasema Swala.

"Na aende," akasema Mama Kanga. "Nani angemlaumu?"

Mchana ukapita wamesimama vilevile. Wapo walioomba arudi, na wapo walioomba kimoyomoyo asirudi, awe huru. Mama Kanga aliomba yote mawili.

Jua lilipoanza kushuka ukungu ukapasuka, na Siwatu akatoka majini, maji yanamchuruzika. Hakuna aliyemwita. Akapita katikati yao, akapanda, akakaa. Mama Kanga hakuwa amemwinamia mfalme yeyote tangu wanawe waliwe; kwa Makeke hakuinama, kwa Ngiri hakuinama, wala kwa Siwatu mwenyewe. Siku ile akakunja miguu yake ya uzee, akainama mpaka mdomo ukagusa vumbi.

"Pumzika, mwanangu," akasema.

Na tangu hapo, anayekaa kwenye jiwe la kisiwa kile hasemi. Akiletewa sheria, huinamisha kichwa tu, ndiyo kusema amesikia, na wanyama wenyewe ndio wanaoamua.

Sasa mnaotaka kujua inafundisha nini, nawaambia wazi wazi. Heshima ya nchi na nguvu ya nchi zisiwekwe kwa mtu mmoja, zikikutana zitamla yeye na kuwala ninyi. Anayekaa juu akajizuia, mheshimuni, kazi yake ni ngumu kuliko mnavyoiona. Lakini msimngoje yeye aje kuwaokoa kwa ngurumo. Neno la "sikubali" ni lenu, lisemeni kwa vinywa vyenu.

Hadithi yangu naitua hapa hapa. Aliyeipenda aibebe aende nayo kwao. Aliyeiogopa aniachie, nitalala nayo mimi.